Kaulisiri na Amana ya Msemaji: Usimbaji wa Matini za Utafiti wa Lugha

1. Utangulizi

Mtaalamu wa lugha anayekwenda uwandani hurudi na vitu viwili. Cha kwanza ni lugha: sentensi, masimulizi, nyimbo na msamiati. Cha pili ni mambo ya watu walioisema lugha hiyo. Juu ya cha kwanza pameandikwa mengi: namna ya kurekodi, namna ya kuandika toni, namna ya kuchambua viambishi. Juu ya cha pili wengi wetu hutosheka kwa kumwahidi msemaji kwamba maneno yake hayatawafikia wasiohusika, kisha tukayaacha maneno hayo katika kompyuta ambayo yeyote anayeifungua anaweza kuyasoma. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi ahadi hiyo inavyoweza kutimizwa kwa programu za usimbaji. Yanakusudia pia kuonyesha kwamba nguvu ya programu hizo hutegemea jambo lililo ndani ya taaluma yetu wenyewe, yaani uteuzi wa maneno.

Tuchukue mfano wa Magwagwa, wadi iliyo katika eneo la Mugirango Kaskazini, Kaunti ya Nyamira, upande wa Mto Sondu. Tuseme mtafiti amekaa huko miezi mitatu akikusanya masimulizi ya Ekegusii. Yeye anatafuta njeo na viambishi. Lakini wasemaji hawasimulii njeo, wanasimulia maisha yao. Mzee mmoja anaeleza jinsi mpaka wa shamba la ukoo wake ulivyosogezwa, na ni nani aliyeusogeza. Mahali ambapo mpango wa kujenga bwawa kubwa katika Mto Sondu umezungumzwa kwa miongo kadhaa, habari ya nani ana haki ya shamba lipi si habari ndogo. Bibi mmoja naye anasimulia jinsi majirani walivyoanza kumnong'onea kuwa ni omorogi, yaani mchawi. Hapa pia hatari si ya kubuni: mwezi wa Oktoba 2021, huko Marani katika Kaunti ya Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa kwa tuhuma za uchawi.

Abagusii wana kanuni za heshima ziitwazo chinsoni. Kanuni hizo hupanga ni nani anayeweza kutamka nini mbele ya nani, hasa baina ya kizazi cha wazazi na kizazi cha watoto. Msemaji aliyemwimbia mtafiti esimbore, wimbo wa jando, au aliyemtajia maneno ya mwili kwa ajili ya kamusi, alitazama kwanza ni nani aliyeketi pale ndipo akafungua kinywa. Faili la kompyuta halina chinsoni. Humsomea mjomba, mkwe na mtoto sawasawa, bila kutazama ni nani aliyeketi.

Sheria nayo imekwisha kutamka. Ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtwika anayekusanya habari za watu wajibu wa kuzilinda. Lakini hata kama sheria isingekuwapo, deni lingekuwapo. Kinachohitajika ni kujua namna ya kulilipa.

2. Njia na ufunguo

Kusimba ni kugeuza matini iliyo wazi iwe mfululizo wa alama usiosomeka, kwa utaratibu ambao mwenye ufunguo anaweza kuurudisha nyuma. Tendo la kurudisha ni kusimbua. Katika maelezo hayo mna mambo mawili ambayo hayana budi kutenganishwa: njia na ufunguo.

Tofauti hiyo inaonekana vizuri katika Kinyume, mchezo wa lugha unaojulikana katika mwambao wa Waswahili. Katika namna moja ya mchezo huo, silabi ya mwisho ya neno hupelekwa mwanzoni: nyumba huwa mbanyu, na kitabu huwa bukita. Anayeisikia lugha hiyo kwa mara ya kwanza hupotea kabisa. Lakini akishaelezwa kanuni mara moja, amekwisha kuwa mwenyeji wa mazungumzo yote, ya leo na ya jana. Kinyume kina njia; hakina ufunguo.

Mwaka 1883 Auguste Kerckhoffs, Mholanzi aliyefundisha lugha huko Ufaransa, aliandika kwamba mfumo mzuri wa maandishi ya siri ni ule usioharibika hata adui akiijua njia yake yote. Siri yote ikae katika ufunguo, ambao unaweza kubadilishwa upesi. Kanuni hiyo ndiyo msingi wa usimbaji wote wa leo, na inawapasa kuikumbuka wale wanaosema, "Mimi nitaandika madokezo yangu kwa Ekegusii, ni nani atakayeyaelewa?" Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilihesabu Abagusii takriban milioni 2.7. Isitoshe, mtu anayeweza kumdhuru yule bibi hatoki ng'ambo. Ni jirani yake, na Ekegusii ndiyo lugha aliyonyonya kwa mama.

Hata pale penye ufunguo, ufunguo wenyewe unaweza kuwa dhaifu. Mtu akibadilisha kila herufi kwa herufi nyingine aliyoichagua, atakuwa na maficho ya kale ambayo Al-Kindi, mwanafalsafa wa Baghdad wa karne ya 9, alieleza jinsi ya kuyavunja: hesabu ni alama ipi inayotokea mara nyingi zaidi, kisha ilinganishe na herufi itokeayo mara nyingi zaidi katika lugha inayodhaniwa. Kwa Kiswahili kazi hii ni nyepesi. Herufi a huzidi nyingine zote, na maneno karibu yote huishia kwa irabu. Msomaji mvumilivu ataifungua barua ya namna hiyo kwa karatasi na kalamu tu.

3. Programu zinavyofanya kazi

Programu za leo hazina udhaifu huo. Mwaka 1991 Mmarekani Phil Zimmermann alitoa programu iitwayo PGP, ambayo ilimpa raia wa kawaida uwezo wa usimbaji ambao hapo kabla ulikuwa zaidi mikononi mwa serikali na mashirika makubwa. Mwaka 1999 ilitolewa GnuPG, inayofanya kazi kama hiyo bila malipo. VeraCrypt, iliyoanza mwaka 2013, hutengeneza mfano wa kasha ndani ya kompyuta: likifunguliwa, mafaili yote yaliyomo husomeka, likifungwa, hubaki rundo moja lisilo na maana. Hata LibreOffice, programu ya kuandikia isiyolipiwa, inaweza kuhifadhi waraka mmoja mmoja kwa kuufungia neno la siri.

Nyingi kati ya programu hizi hutumia kanuni ya AES, iliyobuniwa na Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen, na kufanywa kipimo rasmi nchini Marekani mwaka 2001. Ufunguo wake mkubwa una biti 256. Biti ni kipimo cha uamuzi mmoja wa ndiyo au la, kama kurusha sarafu mara moja. Sarafu moja ina matokeo 2, sarafu mbili 4, sarafu kumi 1,024. Kila biti moja inayoongezwa huzidisha idadi maradufu. Kwa biti 256 idadi ya funguo zinazowezekana imepita kadiri ambayo mashine yoyote inaweza kuzijaribu zote.

Lakini hakuna binadamu awezaye kukariri matokeo ya sarafu 256. Kwa hiyo programu humwomba mtumiaji maneno, kisha yenyewe huyageuza maneno hayo kuwa ufunguo. Huyachanganya na tarakimu za kubahatisha ziitwazo chumvi, ili watu wawili waliochagua maneno yaleyale wasipate ufunguo mmoja. Halafu huyakoroga mara nyingi sana, ili kila jaribio la mwenye kubahatisha limgharimu muda. Matokeo ya utaratibu huu ni makubwa: mwizi hana haja ya kushindana na AES. Atashindana na maneno aliyoyachagua mtafiti.

Kuhusu istilahi, neno nywila limekwisha kuzoeleka kwa maana ya neno la siri. Sauti zake zinakumbusha njwiywila, jina la mnong'ono uliosambaza habari za maji ya Kinjikitile kusini mwa Tanganyika kabla ya vita vya Maji Maji vya mwaka 1905. Nywila, hata hivyo, ni neno moja. Kwa fungu la maneno kadhaa yanayofanya kazi hiyo, makala haya yanatumia kaulisiri.

4. Kosa la wasomi

Inaweza kudhaniwa kuwa mtaalamu wa lugha, kwa wingi wa maneno aliyonayo, atachagua kaulisiri bora kuliko mtu mwingine. Mara nyingi ni kinyume chake. Mtaalamu hupenda maneno yenye maana. Atachukua methali, ubeti alioukariri shuleni, aya ya kitabu kitakatifu, au jina la sifa la ukoo wake, kisha ataona fahari kwa kuwa kaulisiri yake ina herufi arobaini.

Urefu huo ni wa udanganyifu. Mwenye kubahatisha hajaribu herufi moja moja, hujaribu orodha. Tukubali kwa ajili ya hesabu tu kwamba mashine zake hujaribu kaulisiri trilioni moja kwa sekunde. Tukubali pia kwamba anayo orodha ya methali 5,000, na kwamba kila methali ataiandika kwa namna 1,000: kwa herufi kubwa na ndogo, pamoja na bila nafasi, kwa kuongeza mwaka au alama ya mshangao. Jumla ni majaribio milioni 5. Kazi hiyo haimalizi hata sehemu ya elfu moja ya sekunde. Methali ni mali ya wote, na mali ya wote haiwezi kuwa siri ya mtu mmoja.

Kosa la pili ni la kisarufi. Msomi ataona kwamba kitenzi cha Kiswahili ni kirefu, na kwa hiyo atachagua umbo kama walipowapelekea, lenye herufi 15. Tulihesabu. Kiambishi cha kiima tukipe nafasi 16, yaani biti 4. Njeo zinazoandamana na kirejeshi cha ndani ni -na-, -li-, -taka- na ukanushi -si-, yaani 4 tu, sawa na biti 2. Kirejeshi tukipe biti 4, kiambishi cha kitendwa biti 4, mzizi biti 11 kana kwamba tumechagua kati ya mizizi 2,048, na mnyambuliko biti 2. Jumla ni biti 27, tena ikiwa kila sehemu imechaguliwa kwa bahati nasibu na si kwa kupenda. Herufi 15 zilizookotwa ovyo kati ya herufi 24 za Kiswahili zingetoa biti zipatazo 68. Tofauti hiyo ndiyo tunayoiita sarufi. Upatanisho, mpangilio wa konsonanti na irabu, utaratibu wa viambishi: yote yanayomsaidia msikilizaji kuelewa neno lililosikika nusu humsaidia mwizi vilevile.

Ekegusii hutoa ushahidi mwingine mzuri. Kiambishi cha ngeli huwa eke- mbele ya konsonanti ghuna na ege- mbele ya konsonanti isiyo ghuna, kwa mujibu wa kanuni ya Dahl: Ekegusii, lakini egesaku (ukoo) na egesarate (kambi ya ng'ombe ya zamani). Aliyekwisha kuona ege- ameambiwa jambo juu ya sauti inayofuata kabla hajaiona. Claude Shannon, katika makala yake ya mwaka 1951 juu ya Kiingereza, alionyesha kwa majaribio kwamba herufi ya matini ya kawaida hubeba habari ya biti moja hivi, ingawa alfabeti ingeruhusu zaidi ya nne. Kiswahili na Ekegusii si Kiingereza, lakini hakuna lugha ya binadamu isiyo na ziada ya namna hiyo.

5. Maneno kwa dadu

Ikiwa udhaifu unatokana na mchaguzi, dawa ni kumnyang'anya kazi ya kuchagua. Mwaka 1995 Mmarekani Arnold Reinhold alipendekeza njia rahisi. Hutayarishwa orodha ya maneno 7,776, kila neno likiwa na namba ya tarakimu tano kati ya 1 na 6, kuanzia 11111 hadi 66666. Mtu hurusha dadu mara tano, huandika namba aliyoipata, na kutafuta neno lake. Hurudia mpaka apate maneno anayoyahitaji. Kila neno humpa biti 12.9.

Faida ya njia hii ni kwamba orodha inaweza kujulikana na ulimwengu mzima, na siri isipungue. Ndiyo kanuni ya Kerckhoffs. Kwa kasi ileile ya majaribio trilioni moja kwa sekunde, kaulisiri ya maneno manne itachukua muda wa saa moja hivi kuyamaliza yote yanayowezekana. Ya maneno matano itachukua miezi kumi na moja. Ya maneno sita itachukua miaka 7,000. Neno moja tu limepeleka kazi kutoka miezi hadi maelfu ya miaka. Kwa matini za utafiti, maneno sita yanatosha.

Orodha kama hiyo kwa Kiswahili inaweza kutayarishwa na idara yoyote ya lugha, kutokana na kamusi za kawaida kama Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981. Yachaguliwe maneno mafupi yanayojulikana. Nomino iingie kwa umoja wake tu, na kitenzi kwa umbo lake la msingi. Yaepukwe maneno yenye tahajia mbili, ili mtu asije akashindwa kufungua faili lake kwa sababu ya dh na z. Kwa Ekegusii, ambayo ina irabu saba zinazoandikwa kwa herufi tano, tahajia iamuliwe mapema na isibadilishwe.

Watakuwapo watakaouliza kama haitoshi kufungua kamusi ovyo na kuweka kidole. Haitoshi. Kamusi iliyotumika hufunguka yenyewe mahali ilipozoea kufunguliwa, na kidole huelekea katikati ya ukurasa. Tena mtu akipata neno asilolipenda hufungua upya, na hapo kuchagua kumerudi.

Tuseme dadu zimetoa mwiko, jiwe, zumari, bahasha, tetea, ukungu. (Kaulisiri hii imekwisha kuchapishwa hapa, kwa hiyo haifai tena.) Maneno hayo hayana uhusiano, na ndivyo yanavyotakiwa kuwa. Hapa ndipo ufundi wa msimulizi unapopata kazi yake. Mtafiti ajitungie kisa: mwiko uliogonga jiwe mpaka zumari likalia, bahasha ikafika, kuku akatetea ndani ya ukungu. Kisa cha ajabu hukaa kichwani. La muhimu ni kwamba kisa kitungwe baada ya maneno kupatikana, wala maneno yasitafutwe ili kukamilisha kisa.

6. Mipaka ya usimbaji

Usimbaji hulinda faili lililofungwa. Haulindi yote yaliyolizunguka. Mtafiti wa Magwagwa anaweza kuisimba matini ya yule bibi kwa kaulisiri ya maneno sita, na bado siri ikatoka kwa njia tano.

Ya kwanza ni nakala. Sauti ya awali imo katika kadi ya kinasasauti; programu ya kuandikia imehifadhi rasimu yenyewe kwa yenyewe; matini ilitumwa kwa barua pepe kwa msaidizi. Faili lililofutwa kwa njia ya kawaida mara nyingi bado limo katika diski, na fundi anaweza kulifufua. Njia iliyo bora ni kuisimba diski nzima tangu mwanzo, kabla ya safari, kuliko kusimba faili moja moja baada ya kurudi.

Ya pili ni jina la faili. Programu inayosimba yaliyomo haifichi lazima jina la nje. Faili lenye jina la bibi, jina la kijiji na neno uchawi limekwisha kusema yote kabla ya kufunguliwa. Ya tatu ni kompyuta iliyoachwa wazi mezani wakati mwenyewe amekwenda kunywa chai. Kasha lililofunguliwa halimbagui mtu.

Ya nne ni majina ndani ya matini. Usimbaji si badala ya kuondoa majina. Msemaji aitwe kwa namba, na orodha inayounganisha namba na majina ikae katika faili jingine, lenye kaulisiri nyingine. Ya tano ni mtafiti mwenyewe. Akilazimishwa au akishawishiwa kuitaja kaulisiri, hakuna hesabu itakayomsaidia.

Pamoja na hayo iko hatari ya upande wa pili, yaani kupoteza. Faili lililosimbwa vizuri halina fundi wa kulifungua. Mtafiti akisahau kaulisiri, au akifa nayo, masimulizi ya wazee ambao wengine wao hawapo tena yatakuwa yamekufa mara ya pili. Kwa hiyo kaulisiri iandikwe katika karatasi, itiwe katika bahasha iliyofungwa kwa lakiri, na iwekwe mahali pa usalama mbali na kompyuta. Na pawepo mtu mmoja anayejua bahasha iko wapi na ifunguliwe wakati gani. Karatasi iliyo ndani ya kabati la chuma haiwezi kuibwa na mtu aliye mbali. Wanaosema kwamba kaulisiri isiandikwe kamwe hawakufikiria kifo.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba njia za usimbaji zinajulikana kwa wote na programu nyingi hazina malipo. Tumeona pia kwamba sehemu dhaifu ni kauli ambayo mtu amejichagulia kwa sababu ina maana kwake. Lugha imejengwa ili tueleweshane, na kwa sababu hiyo hutabirika. Anayetaka kuficha hana budi kuyaokota maneno kwa njia ambayo lugha haikuipanga. Idara zetu zingefanya vyema kutayarisha orodha ya dadu ya Kiswahili na kuwafundisha wanafunzi kuitumia kabla hawajapewa kinasasauti.

Hatimaye, msemaji naye aelezwe. Mzee wa Magwagwa ana haki ya kujua maneno yake yatakaa wapi, yatafungwa kwa nini, ni nani mwenye ufunguo, na yatafunguliwa lini. Jambo hilo linaweza kuelezwa kwa Ekegusii nyepesi, kwa dakika kumi. Mtafiti asiyeweza kulieleza bado hajawa tayari kuwasha kinasasauti chake.